Kwa Nini Wanachoma, na Kwa Nini Wanakufa

Mtu akitaka kuelewa jinsi wanafunzi wa shule ya upili wanavyoweza kujiangamiza wenyewe, asianzie kwenye bangi wala pombe. Aanzie bwenini. Kwa zaidi ya miaka 30 wanafunzi wa shule za bweni nchini Kenya wamekuwa wakiyatia moto majengo wanamolala wao wenyewe. Humo mna magodoro yao, mna masanduku yao ya bati yenye sare, sabuni na madaftari ya tangu kidato cha kwanza, na mara nyingine mna wenzao waliolala. Baada ya moto wanarudishwa nyumbani, wazazi wanatozwa gharama ya kujenga upya, wachache wanapelekwa kortini kwa kosa ambalo sheria ya Kenya inaliadhibu hata kwa kifungo cha maisha. Mwaka ukigeuka, shule nyingine inawaka.

Jambo hili likijadiliwa, maswali mawili huchanganywa yakawa moja. La kwanza: kwa nini wanafunzi wanachoma? La pili: kwa nini wanafunzi wanakufa? Majibu yake hayafanani. Naamini tumepoteza miaka mingi, na watoto wengi, kwa kulishughulikia la kwanza peke yake, tena kwa majibu ya haraka.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Bweni lilimwagiwa petroli wakati wengi wamelala. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na vyuma, na waliokurupuka usingizini walisongamana kwenye mlango uliobaki. Wengi wao walizikwa pamoja katika uwanja wa shule. Shuleni kulikuwa na manung'uniko yaliyojulikana: matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamefutwa kwa madai ya udanganyifu. Kwa hiyo Kyanguli inajibu maswali yote mawili kwa usiku mmoja. Hasira ndiyo iliyowasha moto. Lakini hasira haikutia vyuma madirishani.

Watu wengi huihesabu shule ya St Kizito, Meru, katika orodha ya maafa ya namna hii, na mimi sikubaliani nao. Mwezi Julai 1991 wavulana wa shule ile walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na zaidi ya 70 walibakwa. Kuliita tukio hilo fujo za wanafunzi ni kuwaficha waliotendewa. Lile lilikuwa shambulio dhidi ya wasichana, na linadai mjadala wake. Vivyo hivyo mauaji ya viranja wanne wa shule ya upili ya Nyeri mwaka 1999, waliofungiwa chumbani mwao na kuchomwa, yalikuwa na walengwa. Moto ninaouzungumzia hapa ni ule usiomlenga mtu, unaochoma mali ya wachomaji wenyewe, na unaozuka katika shule nyingi kwa msimu mmoja. Ulivuma mwaka 2008, ukavuma tena mwaka 2016 ambapo zaidi ya shule 100 ziliguswa katika muda wa wiki chache, kisha mwaka 2021.

Jibu la kwanza linalotolewa asubuhi baada ya moto, majivu hayajapoa, ni dawa za kulevya. Dawa zipo, hakuna haja ya kujidanganya. Bangi inaingia shuleni, pombe inafichwa kwenye chupa za sharubati, na huku pwani muguka, aina ya miraa, umekuwa tatizo kubwa kiasi cha magavana wa Mombasa na Kilifi kutangaza marufuku mwezi Mei 2024. Ila bangi haielezi kalenda. Mwanafunzi anayevuta huvuta Februari kama anavyovuta Julai, na moto hauzuki hivyo. Kwa miaka mingi umezuka zaidi katika muhula wa pili, ule mrefu, wenye baridi, wenye mitihani ya majaribio ya kidato cha nne. Sababu isiyoweza kueleza kwa nini Julai haijatufikisha mbali.

Jibu la pili ni kiboko. Wapo wazazi, na wapo walimu wengi, wanaoamini kwamba nidhamu ilikufa serikali ilipopiga marufuku viboko mwaka 2001. Kila moto ukizuka, kuna mheshimiwa atakayesimama kudai kiboko kirudishwe. Lakini St Kizito ilitokea miaka 10 kabla ya marufuku hiyo, na viranja wa Nyeri waliuawa miaka 2 kabla, wakati kiboko kilikuwa halali na kinatumika kila siku. Anayetaka kukirudisha ana wajibu wa kutueleza kilikuwa wapi miaka hiyo.

Jibu la tatu, la mitihani, lina uzito zaidi. Itazame siku ya mwanafunzi wa kidato cha nne katika shule ya bweni inayosaka alama. Kengele inalia saa kumi au kumi na nusu alfajiri. Anaoga maji baridi, kama yapo, anakimbia darasani kusoma kabla ya mwalimu wa kwanza kuingia. Uji, masomo, githeri, masomo, michezo ya nusu saa inayokatwa mtihani ukikaribia, ugali na kabeji, kisha prepu, yaani masomo ya jioni, hadi saa nne au tano usiku. Jumamosi kuna majaribio. Jumapili kuna ibada, halafu kufua, halafu prepu tena. Siku hizo hurudiwa wiki baada ya wiki, na mwisho wake ni mtihani mmoja utakaomwambia yeye, na mama yake, na kijiji kizima, yeye ni mtu wa aina gani. Mwaka 2016, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Elimu, serikali ilibana udanganyifu kwenye KCSE. Waliopata gredi ya A kwa jumla walishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141. Serikali ilidai kwamba magenge yaliyokuwa yakiuza mitihani ndiyo yaliyochochea moto wa mwaka huo. Huenda kuna shule ambako ni kweli. Lakini genge halichochei pasipo na kitu cha kuchochewa, na vijana waliokuwa tayari kuchoma vitanda vyao kwa neno la mtu wa nje walikuwa na lao kabla hajafika.

Mtafiti Elizabeth Cooper, katika makala yake ya mwaka 2014 kwenye jarida la African Affairs, alikwenda kuwasikiliza wanafunzi wenyewe. Alichogundua kinawaudhi wakubwa wengi: wanafunzi wanachoma kwa sababu wameona kuchoma kunafanya kazi. Aliuona moto huu kama tendo la kisiasa la watu wasio na njia nyingine ya kusikika, tendo walilojifunza kutokana na siasa za nchi yao, ambako malalamiko huanza kusikilizwa pale tu fujo inapozuka. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, na ningependa kuonyesha jinsi jambo hilo linavyotendeka shuleni, kwa sababu hapo ndipo penye kiini.

Chukua malalamiko ya kawaida: maharagwe yenye wadudu. Wanafunzi wana njia tatu. Wanaweza kumwambia kiranja, ambaye ameteuliwa na walimu, anakula meza yake, na hana hamu ya kumpelekea naibu wa mwalimu mkuu habari mbaya. Wanaweza kuandika barua. Barua yenye majina inamletea mwandishi wake siku 14 za kukaa nyumbani na agizo la kurudi na mzazi; barua isiyo na jina inaanzisha msako wa mwandiko, madaftari yanakusanywa, mwalimu wa zamu anayapekua moja moja. Au wanaweza kugoma kula, na jioni hiyo wale wanaoonekana kuwa vinara wanafukuzwa. Sasa tazama moto. Asubuhi yake mkurugenzi wa elimu wa kaunti amefika. Polisi wamefika, waandishi wa habari wamefika, bodi ya shule inakutana mchana. Shule inafungwa. Wazazi wanaitwa na kuulizwa, pengine kwa mara ya kwanza, watoto wao wanalalamikia nini. Mwalimu mkuu anahamishwa. Muhula ukianza upya, maharagwe ni masafi. Na kwa kuwa walikuwa mia tano gizani, aliyewasha hajulikani.

Hakuna kijana aliyefundishwa hesabu hiyo darasani. Anaipata kwa masimulizi. Mwanafunzi mpya hasimuliwi historia ya shule kwa tarehe ya kuanzishwa kwake. Anaambiwa mwaka walipochoma, bweni lipi, mwalimu mkuu yupi aliondoka. Ni urithi, unapita kutoka kidato hadi kidato kama wimbo wa shule. Ndiyo maana moto huambukiza. Habari zikifika kwamba shule jirani wamekwenda nyumbani, wale waliobaki wanaanza kujiuliza wao wanangoja nini. Mwaka 2016 wavulana wa shule moja ya Kisii walichoma mabweni yao baada ya kukatazwa kutazama mechi ya kombe la mataifa ya Ulaya. Magazeti yalishangaa: mechi tu? Mechi ilikuwa kibiriti. Kuni zilikuwa zimepangwa siku nyingi.

Mwaka 2021 uliweka jambo hili wazi zaidi. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa kikamilifu mwezi Januari 2021 serikali iliubana mwaka wa masomo ili kufidia muda uliopotea. Mihula ikasogezwa, likizo zikafupishwa, mapumziko ya katikati ya muhula yakaondolewa. Ilipofika Oktoba na Novemba mabweni yalikuwa yanawaka kutoka kaunti moja hadi nyingine, nje kabisa ya msimu wa kawaida. Wizara ilijibu kwa kuwapa wanafunzi siku chache za mapumziko. Nadhani ulikuwa uamuzi sahihi, lakini ulikuja kwa gharama: vijana wote nchini waliona kwamba mapumziko yaliyokuwa hayawezekani yaliwezekana mara tu mabweni yalipoanza kuungua.

Si kila moto una kundi nyuma yake. Tarehe 2 Septemba 2017 bweni la shule ya Moi Girls, Nairobi, liliungua na wasichana 10 wakapoteza maisha. Aliyeshtakiwa alikuwa mwanafunzi mmoja, mtoto wa kidato cha kwanza. Baada ya kesi ya zaidi ya miaka 4 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na kuhukumiwa kifungo cha miaka 5. Kesi ilisimulia habari za mtoto ambaye hakutaka kuwa katika shule ile. Hapa hapana mgomo wala siasa. Kuna msichana mmoja na dhiki yake, na mahali ambapo dhiki hiyo haikupata wa kuipokea kabla haijawaangukia wengine. Ninaukumbuka moto huu kila ninaposikia mtu akisema sababu ya kuchoma ni moja.

Na kwa kila mmoja anayewasha moto, wapo wengi zaidi wanaogeuza dhiki yao ndani. Wanaacha kula. Wanakunywa peke yao. Wanajiumiza mahali panapofunikwa na sare, au wanapotea polepole hadi siku moja kitanda chao hakina mtu na hakuna anayekumbuka waliacha kuongea lini. Hao hawafungi shule, hawaandikwi gazetini, kwa hiyo hawahesabiki. Sera ya serikali inataka kila shule iwe na ushauri nasaha. Katika shule nyingi kinachopatikana ni mwalimu wa dini au wa Kiswahili aliyeongezewa kazi hiyo juu ya vipindi vyake, asiye na chumba cha faragha, na ambaye juma hilo hilo anakaa kwenye kamati ya nidhamu. Mwanafunzi anajua. Hawezi kumwambia Jumatatu kwamba anakunywa, halafu Alhamisi amkute mbele yake akiamua kama afukuzwe. Jambo hili lingeweza kurekebishwa mwaka huu bila kujenga hata ukuta mmoja: mshauri asikae kwenye kamati ya nidhamu, na asilazimishwe kutoa ripoti kwa kamati hiyo, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini.

Tume hazijakosekana. Baada ya St Kizito kulikuwa na kamati iliyoongozwa na Lawrence Sagini. Baada ya Kyanguli, jopo la Naomy Wangai. Mwaka 2008 kamati ya Bunge ya elimu chini ya David Koech ilichunguza, na mwaka 2016 ikaja timu ya Claire Omolo. Ukizipanga ripoti hizo mezani utaona zinasikilizana: msongamano, shinikizo la mitihani, uongozi usiosikiliza, dawa za kulevya, ushauri nasaha ulio dhaifu. Kuna yaliyotekelezwa. Tangu mwaka 2009 kumekuwa na mpango wa mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa kwa kura badala ya viranja wa kuteuliwa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mwakilishi wa baraza hilo kiti kwenye bodi ya shule. Ni mageuzi makubwa kwenye karatasi. Katika shule nyingi, hata hivyo, walimu huchuja majina kabla ya kura kupigwa, na mwakilishi huitwa kwenye bodi kusoma ripoti ya usafi, akishamaliza anaombwa atoke. Kijana mwenye miaka 17 anatambua mara moja kiti cha kweli na kiti cha picha.

Nirudi sasa kwenye swali la pili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halihitaji kuelewa moyo wa kijana yeyote. Linahitaji fundi wa kuchomelea vyuma na mtu wa kutunza funguo.

Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni. Unasema mlango wa bweni uwe na upana wa angalau futi 5 na ufunguke kwa nje. Kuwe na mlango kila mwisho wa jengo na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Kitanda na kitanda viachane kwa angalau mita 1.2. Na mlango usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani. Kila sharti hapo limeandikwa kwa sababu ya waliokufa. Mlango unaofunguka kwa ndani hugeuka ukuta pindi watu 50 wanapousukuma kwa pamoja gizani. Wa mbele hawezi kuuvuta kwa sababu wa nyuma wanambana. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu unaomwangusha mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia. Katika jengo lililojaa magodoro ya namna hiyo, nafasi ya kutoka huhesabiwa kwa dakika chache sana, na hakuna anayezitumia kutafuta ufunguo ulioko kwa matroni.

Kwa nini basi vyuma na makufuli bado vipo? Sababu zinajulikana na wala hazina ubaya ndani yake. Wezi huiba magodoro. Wavulana hutoroka usiku kwenda sokoni, wasichana huviziwa, na mwalimu mkuu anayempoteza mwanafunzi nje ya uzio ana kesi ya kujibu kesho yake asubuhi. Bweni lililofungwa linamlinda mwanafunzi dhidi ya hatari ya kila usiku kwa kumweka kwenye hatari ya usiku mmoja. Kisha ikaja idadi. Tangu sera ya kuhakikisha kila anayemaliza shule ya msingi anaingia upili ilipoanza kusukumwa kwa nguvu mwaka 2018, shule zilipokea wanafunzi kuliko vitanda. Kumbi za chakula na madarasa yakageuzwa mabweni, vitanda vya ghorofa mbili vikawa vya ghorofa tatu, na ile mita 1.2 ikaliwa na masanduku. Ni nani angekagua? Afisa wa elimu anayefika na kukuta wanafunzi wamelazwa kwenye maabara anajua kwamba akiifunga shule ile hana pengine pa kuwapeleka.

Ndiyo sababu nasema kifo hakihitaji mchomaji. Shauritanga, huko Rombo nchini Tanzania, zaidi ya wasichana 40 walikufa kwa moto wa bweni mwaka 1994. Idodi, Iringa, wasichana 12 mwaka 2009, na chanzo kilichoripotiwa kilikuwa mshumaa. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21 wa shule ya msingi, watoto ambao hata mkali zaidi wa wanasiasa hakuweza kuwaita wahuni. Baada ya Endarasha wizara ilikagua na kufunga sehemu za bweni katika shule za msingi 348. Kama ukaguzi uliweza kukamilika ndani ya miezi michache baada ya msiba, ungeweza kufanywa miezi michache kabla yake.

Wapo wanaosema suluhisho ni kufuta bweni kabisa. Hoja yao ina nguvu moja kubwa: shule za kutwa hazichomwi kwa kiwango hiki. Mwanafunzi aliyeudhika anakwenda nyumbani saa kumi, anamsimulia nyanya yake, analala, anarudi kesho. Hata hivyo siwezi kuungana nao. Msichana wa mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, anayeishi na watu sita kwenye chumba kimoja, au yule wa Wajir ambaye shule iko mbali na kwao kwa safari ya siku nzima, hupata bwenini taa, meza, chakula cha uhakika na miaka kadhaa ya kutoozwa. Kulifuta bweni ni kumtoza yeye gharama ya makosa yetu. Kinachowezekana ni bweni dogo zaidi, muhula mfupi zaidi, wikendi za kwenda nyumbani kwa walio karibu, na baraza la wanafunzi ambalo lalamiko lake linajibiwa kwa maandishi ndani ya siku zinazojulikana, hata jibu likiwa ni hapana.

Na uchunguzi nao ubadilike. Moto ukizuka, wapelelezi humtafuta aliyenunua petroli, na ni sawa wamtafute. Lakini faili isifungwe akishapatikana. Iandikwe pia ni nani alikuwa na ufunguo usiku ule, ni nani aliyeagiza vyuma vya madirisha, mkaguzi wa mwisho alifika tarehe ngapi na alitia sahihi chini ya maneno gani, na idadi ya watoto waliolala mle ililinganaje na idadi ya vitanda vilivyoidhinishwa. Majibu hayo yasomwe hadharani, mbele ya wazazi, siku ile ile jina la mwanafunzi mshukiwa linapofikishwa kortini.